Asilimia 3 ya wenye ulemavu kiwandani: tunakosea wapi?

Afisa_Ajira: Wakuu, habari za kazi. Kiwanda cha vifungashio, Dar, wafanyakazi 120. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kwetu hiyo ni watu 3.6, yaani tunatakiwa kuwa na wanne. Tangazo limetoka mara mbili, hakuna aliyeomba.

Mama_Usaili: Mkuu, lisome upya tangazo lenyewe. Leseni ya udereva kwa mtu wa stoo asiyeendesha chochote inafukuza watu bure. Na kama mawasiliano ni kupiga simu tu, kiziwi umeshamfungia mlango. Weka namba ya SMS. Lipeleke SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu) na CHAVITA (chama cha viziwi), na uandike kuwa mkalimani wa lugha ya alama atakuwepo. Usaili mrefu unataka wakalimani wawili wapokezane kila dakika 20 hivi, maana mmoja akichoka anaanza kudondosha maneno. Maswali muulize mwombaji, usimgeukie mkalimani.

Fundi_Usalama: Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wenye urefu wa mita 1.8, yaani uwiano wa 1 kwa 12. Wengi huubana kwenye mita moja, kiti cha magurudumu kinapinduka. King'ora kiongezewe taa ya kumwekamweka, hata chooni. Njia ya foklifti itengwe kwa rangi na vioo viwekwe kwenye kona: kiziwi hasikii honi.

Afisa_Ajira: Nashukuru sana. Ila nahofia wakishaingia watapewa kufagia tu, na kuitwa majina.

Mama_Usaili: Hapo ndipo wengi wanapowapoteza watu ndani ya miezi michache. Wape lengo la uzalishaji lile lile la wenzao, halafu rekebisha mazingira. Kwenye kikao cha asubuhi, msemaji asisimame dirisha likiwa mgongoni. Uso wake hauonekani. Maagizo yaandikwe ubaoni. Wenzao wa mstari mmoja wa uzalishaji wajifunze lugha ya alama dakika 15, mara mbili kwa wiki, wakianza na "simama", "zima" na "hatari". Mwenye ualbino anayefanya kazi nje, kofia pana na losheni ya jua ni vifaa kinga kama buti, vinunuliwe kwa fungu hilo hilo.

Kuhusu majina: kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinauhesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi, na kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuuondoa. Humo andika mlalamikaji aende kwa nani iwapo anayemlalamikia ni msimamizi wake mwenyewe.