Mke wangu alinicheka Menengai mbele ya watu, na tangu siku hiyo sili nyumbani. Naomba ushauri

Dereva_wa_Lanet

Hamjambo wote. Nimesoma humu kwa miaka bila kuandika neno. Leo nahitaji kusikia watu wasionijua.

Mimi ni dereva wa matatu, njia ya Nakuru–Kisumu. Nina miaka 38, ndoa ina miaka 11, watoto wawili. Naamka saa tisa na nusu usiku ili saa kumi niwe steji. Kazi yangu ni kukaa. Nakula Salgaa, nakula Kericho, nakula Ahero, na huwa ni chai ya maziwa na mandazi, au chipsi, au nyama, kwa kuwa ndicho kinachotoka jikoni haraka gari likisubiri. Tulipooana nilikuwa na kilo 74. Sasa ni 108. Hilo silikatai, na sikuja hapa kulitetea.

Mama watoto alianza mazoezi baada ya mtoto wa pili. Alijikaza kweli, akapungua, na mimi ndiye niliyemlipia jimu miezi ya kwanza. Nilijivunia. Kisha maneno yakaanza, kidogo kidogo. Nikivaa shati anasema vifungo vinalia. Nikishuka garini anasema mimi na tairi ya spea tumezaliwa mama mmoja. Nikila kipande cha pili cha ugali ananitazama mpaka nasukuma sahani. Chumbani aliwahi kusema jambo ambalo sitaliandika hapa.

Mwezi uliopita aliniomba niende naye kupanda kreta ya Menengai na kikundi chake cha Jumamosi. Nilifurahi, nikadhani ananitaka pale. Kabla ya kufika juu pumzi zilikata, nikaketi kwenye jiwe. Akasema kwa sauti, "Huyu ataletewa tinga la kumvuta." Wakacheka wote. Mmoja alikuwa ananirekodi. Jioni ile video ikawa kwenye WhatsApp ya kikundi, na kesho yake shemeji yangu wa Molo alikuwa nayo.

Tangu hapo sili nyumbani. Nasema nimeshiba njiani. Tena nilinunua majani ya chai ya kupunguza kitambi kwa mchuuzi mmoja, nikayanywa siku tisa. Siku ya tisa, karibu na Londiani Junction, nikiwa na abiria 14, macho yaliingia giza. Niliegesha gari, nikamwambia makanga awaambie watu kuna shida ya injini. Mnajua pale ni wapi. Ni pale ambapo mwezi Juni 2023 zaidi ya watu 50 walikufa ajalini kwa dakika chache. Nilikaa nimeshika usukani, nikawaza kwamba ningewaua watu kwa sababu ya kuchekwa.

Maswali yangu ni mawili. Nimwambie nini bila kuonekana mtoto anayelia? Na je, nina haki ya kuumia, ikiwa anachosema kuhusu uzito wangu ni kweli?

Mtu_wa_Njoro

Pole kaka, lakini nitakuambia kama mwanaume. Sisi tumetukanwa tangu utotoni tukanyamaza. Amka saa kumi, kimbia, kitambi kiishe, naye atanyamaza mwenyewe. Huenda hata anasema kwa kuwa anakupenda. Asiyekupenda angekuacha tu na mafuta yako.

Dereva_wa_Lanet

Saa kumi niko steji, ndugu yangu. Hilo la kupenda nimejiambia mara nyingi. Lakini ile video sijaweza kuipatia maelezo.

Nesi_wa_Section58

Kaka, nianze na lile litakalokuua kesho kabla ya lile linalokuumiza leo. Hayo majani yatupe. Mengi ya aina hiyo huwa na sena, ambayo ni dawa inayomfanya mtu aharishe. Ukiharisha unapoteza maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki palepale. Mizani inashuka siku tatu, unafurahi, kisha potasiamu inapungua, misuli inalegea, moyo unaweza kupiga ovyo. Ongeza njaa, ongeza kuamka saa tisa na nusu, halafu weka watu 14 nyuma yako. Uliegesha. Ulifanya jambo la maana sana siku hiyo, nami nakushukuru kwa niaba ya hao watu.

Pili, nenda ukapime. Uende kwa ajili yako mwenyewe, yeye mweke kando katika hili. Presha, sukari asubuhi kabla hujala, na mzunguko wa kiuno. Presha ikiwa 140 juu au 90 chini, na ikarudi hivyo ukipimwa siku nyingine, hiyo si ya kupuuza. Sukari ya asubuhi ikifika 7, vivyo hivyo. Kiuno cha mwanaume kikipita sentimita 102 hatari ya moyo na sukari huwa imepanda sana. Hizi ni namba tu. Hakuna hata moja inayosema wewe ni mtu wa kuchekwa.

Sasa niulize jambo ambalo madereva wengi hawaulizwi. Unakoroma? Unaamka mdomo umekauka, kichwa kizito, na saa nne asubuhi usingizi unakuvuta hata kama ulilala mapema? Mtu mwenye shingo nene anaweza kuzibwa koo akilala, pumzi inakatika, ubongo unamshtua ili avute hewa, na hilo linajirudia usiku kucha bila yeye kujua. Anaamka amechoka kama hakulala. Kwa mwenye kazi yako hilo ni la kumwambia daktari wiki hii.

Na usibebe mzigo wa kurudi kilo 74. Ukipunguza asilimia 5 tu, kwako ni kilo tano na kidogo, presha na sukari huanza kukusikia.

Dereva_wa_Lanet

Nakoroma. Makanga akinisindikiza huleta vipande vya muwa nitafune nisisinzie. Nilidhani ni uchovu wa kazi.

Mtu_wa_Kakamega

Mimi nilikuwa dereva wa lori miaka tisa kabla ya kurudi shambani, kwa hiyo niongee kuhusu barabara tu. Kwanza, Menengai si mahali pa kuanzia. Ukingo wa juu wa kreta uko zaidi ya mita 2,200, na wewe umetoka kwenye kiti cha gari. Hata kijana mwembamba asiyezoea huketi kwenye jiwe. Aliyekupeleka huko siku ya kwanza hakukupima vizuri, na hilo si kosa la mwili wako.

Ukifika Kisumu unakaa foleni kwa muda gani kabla ya zamu yako ya kupakia? Saa mbili? Mimi nilikuwa nazilala kwenye kabini. Baadaye nikawa namwachia turnboi gari, natembea nusu saa, narudi nimelowa jasho kidogo. Kwako ni kutoka steji hadi Kibuye na kurudi. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki, basi siku tano za nusu saa umezimaliza bila kulipa jimu na bila mtu kukurekodi. Chakula nacho, Ahero samaki na osuga (mnavu) vipo. Mwambie mama wa hoteli akuwekee mapema, apunguze ugali, aongeze mboga. Ukimpigia simu ukiwa Awasi utakuta tayari. Soda ndiyo iliyonishinda kuacha, nilichukua mwaka mzima.

Mama_Wawili_Kisumu

Nitaandika kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mimi niliwahi kuwa kama huyo mke wako. Baada ya kujifungua nilikuwa mnene, na mume wangu na dada zake walinipa majina. Nilipopungua, naye akawa ameongezeka, niliona zamu yangu imefika. Kila neno nililomrushia lilikuwa limewahi kurushwa kwangu. Nilikuwa naita utani, lakini nilikuwa najua linapoingia.

Simtetei mkeo. Video ile ni mbaya na hakuna cha kuisafisha. Ila nakuuliza mbele ya watu hawa, kwa heshima: wewe uliwahi kumcheka?

Dereva_wa_Lanet

Nimechukua muda kujibu.

Ndiyo. Baada ya mtoto wa kwanza. Ilikuwa Krismasi nyumbani kwetu, ndugu zangu wote wapo, nikasema siku hizi nimeoa gunia la mkaa. Watu walicheka sana. Yeye alienda jikoni. Nilisahau kabisa hadi ulipouliza.

Mzee_wa_Bahati

Mwanangu, wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinapona. Hilo gunia lako limekaa jikoni miaka yote hiyo. Anza hapo. Ila kuomba msamaha kwa lako hakumaanishi la kwake limefutwa. Ni madeni mawili, kila mtu alipe lake.

Nyar_Ahero

Nakubaliana na mzee, na niongeze kuhusu namna ya kulisema, kwa kuwa mimi niliwahi kulisema vibaya mara tatu kabla ya kulisema vizuri.

Usiseme mkiwa mmegombana, usiseme chumbani, usiseme mbele ya watoto. Tafuta saa ambayo mmekaa tu. Na usilete kesi ya miaka miwili yote, utaona anajibu moja na kuacha kumi. Chukua moja. Mwambie, "Jumamosi ile ulinicheka mbele ya watu nikiwa nimeishiwa pumzi. Niliumia. Naomba ile video iondolewe, na naomba mwili wangu usiwe habari ya watu." Kisha unyamaze. Atasema ni utani, karibu wote husema hivyo. Wewe rudia sentensi ileile, kwa sauti ileile. Mimi mume wangu aliisikia mara ya nne.

Kuhusu swali lako la pili, mbona unaomba ruhusa ya kuumia? Mtu anaweza kuwa na kilo 108 na akaumia. Daktari atakuambia namba hiyohiyo na hutatoka kule ukilia.

Halafu tazama kinachofuata. Akiteleza akajirudi, huyo mnaweza kutembea naye. Akiona unaumia akaongeza, au akianza kuwafundisha watoto, hapo ni jambo jingine. Watu hawajui, lakini Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inahesabu dhuluma ya maneno na ya kihisia pia, na haikusema ni ya wanawake peke yao. Namba ya simu ya msaada, 1195, haitozwi pesa. Sisemi umefika huko. Nasema ujue mlango uko wapi.

Mtu_wa_Njoro

Nimesoma majibu yote. Lile la kukoroma sikulijua, na mimi mwenyewe naendesha. Kaka, nilikujibu haraka mno. Samahani.

Dereva_wa_Lanet

Wapendwa, nimerudi. Tuliongea Jumapili baada ya kanisa, watoto wakiwa kwa jirani.

Nilianza na gunia la mkaa. Nilimwambia nimekumbuka, na kwamba nilikosea. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akanitajia sweta aliyokuwa amevaa siku ile. Alisema hakuivaa tena.

Ndipo nikasema la Menengai. Alisema ni utani. Nikarudia. Akasema wale ni marafiki tu. Nikarudia, mikono ikitetemeka, nawaambia ukweli. Mara ya tatu alichukua simu, akaandika kwenye kikundi waifute, akampigia na dada yake wa Molo nikimsikia. Sijui imefika kwa wangapi.

Kisha nikamwambia kuhusu Londiani. Alikuwa hajui. Alilia, halafu akasema kitu ambacho kimenifanya nisilale. Anasema usiku mimi hukoroma, kisha nanyamaza kabisa, na yeye huamka akaniwekea mkono kifuani na kuhesabu mpaka nivute pumzi. Mara nyingine anafika 20. Anasema amefanya hivyo zaidi ya mwaka.

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia hilo badala ya tairi ya spea? Hakunijibu. Bado hajanijibu.

Jana nilikula mezani. Alipika mrenda na samaki. Hakusema kitu kuhusu sahani yangu, nami sikusema kitu. Alhamisi ni siku yangu ya kupumzika, nitaenda kupimwa asubuhi kabla ya kula.

Nesi_wa_Section58

Alhamisi nenda naye. Daktari atakuuliza kuhusu pumzi za usiku, na wewe utakuwa huna jibu kwa kuwa hukuwa macho. Yeye ndiye aliyekuwa anahesabu. Na hadi upimwe, mwombe msimamizi wa sako, ushirika wenu wa matatu, akutoe kwenye zamu ya alfajiri.

Dereva_wa_Lanet

Nimempigia msimamizi sasa hivi. Ameniweka saa mbili asubuhi. Mama watoto amesema ataomba ruhusa kazini.