ESP-01 inakataa kuingizwa programu kwa adapta ya CH340

volti_kasarani
Wadau, nina ESP-01 (kibodi kidogo cha WiFi chenye chipu ya ESP8266) na adapta ya USB kwenda serial ya CH340 kutoka Luthuli Avenue, ile yenye jampa ya kuchagua 3V3 au 5V. Kwenye Ubuntu 22.04, /dev/ttyUSB0 inatokea halafu inapotea papo hapo. Kwenye Windows poti inakaa vizuri, lakini esptool (ya kuingizia programu kwenye ESP) inaishia "Timed out waiting for packet header". Nimeunga TX (pini ya kutuma) kwa TX, RX (ya kupokea) kwa RX, na ESP inakula umeme wa VCC ya adapta. Ninunue adapta nyingine?

nyaya_rongai
Usinunue kitu bado. Hapo kuna shida mbili zisizohusiana.

Ya Ubuntu ni brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu kwa wasioona. Inaidhania CH340 kuwa kifaa chake na kuinyakua. Andika `sudo dmesg | tail`. Ukiona jina brltty, basi `sudo apt remove brltty`, kisha uchomoe adapta na kuirudisha. Kama kuna anayetumia kifaa hicho kwenye leptopu hiyo, usiiondoe. Poti ikikaa lakini ukanyimwa ruhusa: `sudo usermod -aG dialout $USER`, utoke kwenye akaunti uingie tena.

Ya pili ni nyaya. TX ya adapta huenda RX ya ESP, na RX huenda TX. GND ziungwe pamoja. EN, pini ya kuiwezesha chipu (baadhi ya bodi huandika CH_PD), iwe kwenye 3.3V. GPIO0, pini inayoiambia chipu isubiri programu, iguse GND *kabla* umeme haujaingia. Kuigusisha baadaye hakusaidii mpaka uwashe upya.

mita_mkononi
Naongeza la umeme, maana ndilo huwatesa wengi. ESP8266 ikiwasha redio huvuta mikupuo ya mamia ya miliampia, na pini ya 3V3 ya adapta nyingi haiwezi. Taa itawaka vizuri tu, huku chipu inajiwasha upya kila mara. Chukua 5V ya adapta, ipitishe kwenye AMS1117-3.3 (kidhibiti cha kushusha volti hadi 3.3), na uweke kapasita ya 220 hadi 470 µF karibu kabisa na pini za ESP.

Na jampa usiiamini. Kwenye baadhi ya bodi inabadilisha VCC pekee, TX inabaki 5V. Pima TX kwa mita bila kutuma chochote: isome karibu 3.3V.

volti_kasarani
brltty imeondoka, poti imetulia. Jampa iko 3V3 lakini TX inasoma 4.9V 😬

mita_mkononi
Basi igawanye. Kutoka TX ya adapta weka rezista ya kilo-om 1 hadi RX ya ESP. Kutoka hiyo RX, kilo-om 2 hadi GND (mbili za 1 mfululizo zinatosha). 5V inashuka hadi 3.3V hivi. TX ya ESP iende moja kwa moja, CH340 inaisoma bila shida.

nyaya_rongai
Kabla ya esptool, fungua poti kwa kasi ya 74880, ndiyo ESP8266 huitumia ikiamka. Kwa 115200 utaona takataka tu. "boot mode:(1," maana yake inasubiri programu. Ukiona "(3,", GPIO0 haijafika GND, na kwa bredibodi za bei rahisi mara nyingi ni waya uliolegea.