Mjadala: Abasia ya Cluny ijengwe upya au ibaki gofu?

Wadau, kanisa kuu la Notre-Dame ya Paris liliungua 2019, likafunguliwa tena Desemba 2024. Sasa kuna wanaouliza: kwa nini Cluny ibaki gofu?

Kwa wasioijua, ni abasia ya Wabenediktini huko Burgundy, Ufaransa, shirika lilelile la watawa wa Ndanda na Peramiho kwetu. Ilianzishwa 910. Kanisa lake la tatu lilianza kujengwa 1088, likafika urefu wa mita 187 hivi toka mwisho hadi mwisho. Halikupata mpinzani kwa ukubwa mpaka Basilika ya Mtakatifu Petro ya Roma ilipojengwa upya. Leo limebaki kama fungu moja kwa kumi.

Mimi nasema ibaki hivyo. Tunapenda kusema Mapinduzi ya Ufaransa ndiyo yaliyoibomoa, ila hiyo ni nusu ya habari. Watawa walifukuzwa, sawa. Lakini mwaka 1798 jengo liliuzwa kwa wafanyabiashara, nao shida yao haikuwa dini, walitaka mawe. Walipitisha barabara katikati ya kanisa, wakalipua kwa baruti, wakauza mawe hadi miaka ya 1820. Serikali nayo ikajenga mabanda ya farasi papo hapo. Ukienda leo unakuta visiki vya nguzo, halafu barabara, halafu kule mbele mnara wa kengele uitwao Maji ya Baraka umesimama peke yake. Ukilijaza lile pengo, umewafichia wale wafanyabiashara kazi yao.

— Mkuu, hapo umeremba. Hasara ni hasara. Na mafundi wapo: Guédelon, Burgundy hiyohiyo, tangu 1997 wanajenga ngome kwa zana za karne ya 13, na baadhi ya maseremala waliopitia pale walichonga mbao za paa la Notre-Dame. Wajenge hata nguzo chache na tao lake, watu waone kimo.

— Kwa ramani ipi? Mmarekani Kenneth Conant alichimba pale kuanzia 1928 akachora kanisa zima, ila waliomfuata wamemsahihisha mara kadhaa. Notre-Dame kuta zilibaki, tena ilishapimwa kwa leza kabla ya moto. Cluny utajenga makisio ya mtu wa juzi. Na kimo unachokitaka kipo: ingia kwenye ule mkono wa kusini wa kanisa uliosalia chini ya mnara, inua uso. Ni kama mita 30 mpaka darini.

— Nimeshainua. Ndiyo maana nataka na mengine.