Naomba ushauri: siku sita Seoul kwa ajili ya tamasha la IU, nikila peke yangu na bila nyama ya nguruwe

NuruYaSafari, 19 Agosti 2024

Salamu kwenu nyote. Nimepata tiketi ya tamasha la IU, mwimbaji wa Korea Kusini, litakalofanyika Seoul World Cup Stadium Jumapili ya tarehe 22 Septemba, na tangu siku hiyo sijatulia. Nimemfuatilia dada huyu tangu miaka ya mwanzo ya kazi yake, iliyoanza mwaka 2008. Ziara yake ya matamasha ilipofunguliwa Machi pale ukumbi wa KSPO Dome, Seoul, nilikosa nafasi, kwa hiyo safari hii nimeazimia kuona kwa macho yangu badala ya kusimuliwa.

Nitafika Jumanne tarehe 17 na kuondoka Jumatatu tarehe 23 usiku. Jambo la pili linalonipeleka huko ni chakula, kwa maana nimekuwa nikiyasoma masoko ya Seoul kwa muda mrefu kama ninavyousikiliza muziki wake, na hapo ndipo ninapohitaji msaada wenu. Kwanza, sili nyama ya nguruwe. Pili, ninasafiri peke yangu, na nimeelezwa kwamba migahawa mingi ya kuchoma nyama mezani haipokei oda ya mtu mmoja. Tatu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, miaka michache iliyopita nilisafiri kwenda mji mwingine kumwona mwimbaji mwingine, nikala vyakula vya baharini kwenye kibanda kimoja mchana wa siku ya tamasha, na nyimbo nilizozisubiri kwa mwaka mzima nikazisikia kutoka kwenye foleni ya choo. Sitaki kulirudia kosa hilo, lakini pia sitaki kukaa hotelini siku sita nikila mikate kwa woga. Je, mngepanga vipi siku hizi ili tamasha na chakula visiharibiane?

MzeeWaRatiba, 19 Agosti 2024

Binti yangu, kabla hujapanga lolote, itazame tena kalenda. Tarehe 17 Septemba mwaka huu ndiyo siku yenyewe ya Chuseok, sikukuu ya mavuno ambayo kwa Wakorea ni siku ya kurudi kwa wazazi na kuwakumbuka waliotangulia, na mapumziko yake ni kuanzia tarehe 16 hadi 18. Migahawa midogo ya kifamilia, ambayo ndiyo hasa unayoitafuta, hufungwa kwa wingi siku hizo, na vibanda vingi sokoni hubaki vimefunikwa maturubai. Ukifika Jumanne ukiwa na njaa ya soko, utarudi na huzuni bure.

Ushauri wangu ni kwamba siku mbili za mwanzo uzitumie kwa kupumzika na kutembelea majumba ya kifalme, na chakula ukitafute Myeongdong, ambako wageni ni wengi na biashara haisimami sana, au Itaewon. Usiache kuonja songpyeon, vikeki vya unga wa mchele vyenye umbo la nusu mwezi ambavyo hupikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Vyaweza kuwa na ufuta na asali ndani, au maharagwe, na huu ndio msimu wake hasa. Masoko yaanzie Alhamisi tarehe 19.

MpishiMtembezi, 20 Agosti 2024

Naungana na Mzee kuhusu Chuseok. Mimi nitazungumzia ramani, kwa sababu naamini jibu la swali lako limo ndani ya laini moja ya treni ya chini ya ardhi, yaani laini namba 6.

Uwanja wenyewe una stesheni yake kwenye laini hiyo, inayoitwa World Cup Stadium. Ukitoka hapo kuelekea katikati ya jiji, unapita Mapo-gu Office na kufika Mangwon, ambako pana soko la mtaani linalotegemewa na wakazi wenyewe. Ukiendelea unafika Itaewon, na juu ya kilima chake umesimama Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976, nao umezungukwa na migahawa ya halali ambako hutalazimika kuuliza swali lolote kuhusu nguruwe. Mbele zaidi ni Sindang, kwenye mtaa wa tteokbokki, yaani vipande vya unga wa mchele katika mchuzi wa pilipili, na stesheni inayofuata ni Dongmyo, ambako unabadilisha kwenda laini namba 1 na baada ya vituo viwili tu unashuka Jongno 5-ga, mlangoni pa soko la Gwangjang. Kwa hiyo tafuta malazi karibu na Mangwon au Hapjeong, nunua kadi ya usafiri ya T-money ukishatua uwanja wa ndege wa Incheon, na uijaze fedha taslimu za kutosha, kwa sababu si kila mashine ya kuijaza hupokea kadi za benki.

Gwangjang nenda Alhamisi au Ijumaa asubuhi, kabla ya umati wa mchana. Soko hilo lilianzishwa mwaka 1905, na kitu cha kukitazama kwanza ni jiwe la kusagia linalozunguka juu ya meza ya muuzaji huku choroko zilizolowekwa zikishuka pembeni kama uji mzito wa rangi ya manjano. Uji huo ndio unaochanganywa na chipukizi za choroko na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ukamwagwa kwenye mafuta mengi ya moto, ukawa bindaetteok, chapati nene yenye ukingo unaovunjika mdomoni. Hapo ndipo inapokupasa kuwa macho, kwani bindaetteok ya asili mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe ndani. Sema «dwaejigogi ppae juseyo», maana yake naomba usiweke nguruwe, lakini usemapo hivyo tazama kama mchanganyiko umekwisha kutengenezwa, maana kilichokwisha kuchanganywa hakitolewi kwa maneno. Kama umekwisha, hamia kibanda cha kalguksu, tambi zinazokatwa kwa kisu mbele yako, ambazo supu yake aghalabu ni ya dagaa wakavu na mwani. Ulizia hilo pia, kwa sababu wapishi hutofautiana.

KalamuNyeusi, 20 Agosti 2024

Kwa ufupi tu: jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, na siku ya tamasha uwe na pasipoti yenyewe mkononi, wala si picha yake kwenye simu. Wasimamizi wa msanii huyu wamekuwa wakali sana dhidi ya walanguzi wa tiketi, nami nawaunga mkono. Kama kuna herufi iliyokosewa, wasiliana na waliokuuzia leo, usingoje kufika.

NuruYaSafari, 20 Agosti 2024

Nawashukuru sana, na namshukuru Mzee kwa namna ya pekee, kwa sababu nilikuwa nimepanga kwenda Gwangjang moja kwa moja Jumanne jioni. Jina langu liko sawa, nimelihakiki mara tatu. Yamebaki mambo mawili: nifanyeje kuhusu kula peke yangu, na siku yenyewe ya tamasha nile nini na saa ngapi?

MezaYaMmoja, 21 Agosti 2024

Dada Nuru, nimeishi Seoul kwa miaka miwili nikila peke yangu karibu kila siku, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Wakorea wana neno maalumu la kula peke yako, honbap, na jambo lenyewe si aibu tena kama lilivyokuwa zamani. Tatizo lililobaki ni la kibiashara. Nyama ya kuchoma mezani, na vyungu vikubwa vinavyochemka katikati ya meza, huuzwa kuanzia watu wawili, kwa sababu meza, moto na sahani ndogo ndogo za pembeni zinamgharimu mwenye mgahawa kiasi kile kile hata ukiwa mmoja. Usigombane nao. Badala yake tafuta vyakula ambavyo kwa asili yake huletwa katika chungu cha mtu mmoja. Samgyetang ni kuku mdogo mzima aliyejazwa mchele wa kunata, ginseng na tende za Kikorea, na kila mlaji hupewa chungu chake. Bibimbap, wali uliowekewa mboga juu yake, ni bakuli la mtu mmoja. Seolleongtang ni supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa kwa saa nyingi mpaka ikawa nyeupe kama maziwa. Huletwa bila chumvi, nawe unajitilia chumvi na majani ya vitunguu mezani upendavyo, kisha unaila pamoja na wali na kimchi ya figili. Baadhi ya migahawa ya supu hii hufunguliwa usiku kucha, na jambo hilo litakufaa Jumapili.

Kuhusu nguruwe, kuna mtego mmoja ambao watu hawausemi. Ukiuliza kama chakula kina nyama, muuzaji anaweza kukujibu hakina huku ndani ya gimbap, wali uliokunjwa kwa mwani, mna kipande cha hemu, yaani nyama ya nguruwe iliyosindikwa, kwa sababu kwake hemu haihesabiwi kama nyama. Itaje hemu kwa jina lake.

Siku ya tamasha ule mlo wako mkubwa saa tano au saa sita mchana, uwe ni kitu ulichokwisha kukila siku zilizotangulia na tumbo lako likakikubali. Huo ndio msimamo wangu, na sioni sababu ya kuulegeza: siku ya tamasha si siku ya kujaribu.

MpishiMtembezi, 21 Agosti 2024

Nakubali kuhusu kutojaribu kipya, ila mlo mmoja wa saa sita mchana hautoshi. Matamasha ya IU yanajulikana kwa urefu wake. Baada ya kurudi jukwaani mara ya kwanza hurudi tena kuimba nyimbo zinazoombwa na mashabiki, na saa nne nzima zikipita si ajabu. Anayekaa na tumbo tupu tangu adhuhuri mpaka usiku wa manane atayumba. Pitia soko la Mangwon alasiri, ambalo liko vituo viwili tu kutoka uwanjani, ule kitu chepesi kama dakgangjeong, vipande vya kuku wa kukaanga vilivyopakwa mchuzi mtamu, katika kikombe kidogo, na ubebe gimbap uliyohakikisha kilichomo, uile nje kabla ya kuingia.

MzeeWaRatiba, 22 Agosti 2024

Na kurudi? Treni za chini ya ardhi husimama karibu na saa sita usiku. Uwanja ule ulijengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2002 na una viti zaidi ya elfu sitini na sita, na umati wa tamasha utakimbilia stesheni hiyo moja. Kama utalala Mangwon kama ulivyoshauriwa, unaweza kurudi kwa miguu kwa muda usiozidi saa moja, katika barabara zenye taa na ukiwa na mashabiki wengine wengi njiani. Pakua Naver Map au KakaoMap mapema, kwa sababu ramani ya Google haitoi maelekezo kamili ya kutembea kwa miguu nchini humo.

NuruYaSafari, 26 Septemba 2024

Nimerudi, na nimeona ni wajibu wangu kuwaeleza yaliyotokea, kwa kuwa safari hii ilikuwa yenu kama ilivyokuwa yangu.

Jumanne nilikuta mitaa ya nyuma imefungwa kama Mzee alivyosema. Nililala mapema, na Jumatano nikala Itaewon kwa amani. Gwangjang nilikwenda Ijumaa asubuhi. Mama wa kibanda cha kwanza alinisikiliza, akafunua ndoo yake, akanionyesha vipande vya nyama vilivyokwisha kuchanganywa, kisha akanielekeza kwa kidole kwa jirani yake ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusaga. Nilisimama pale nikilitazama jiwe likizunguka, na chapati niliyopewa ilikuwa ya moto kiasi kwamba karatasi iliyoishikilia ililowa mafuta hadi kwenye vidole vyangu. Sikuharakisha kuimaliza.

Jumapili nilikula samgyetang saa tano na nusu mchana, kwa mara ya tatu katika safari hiyo, na alasiri nikafuata ushauri wa MpishiMtembezi pale Mangwon. Ndugu zangu, tumbo halikunisumbua hata dakika moja. Alipoingia jukwaani nililia, na sioni haya kusema hivyo. Uwanja mzima ulikuwa na taa za mashabiki zikibadilika rangi kwa pamoja, na mimi nilikuwa ndani yake kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Karibu yangu aliketi msichana aliyekuja peke yake pia, kutoka Taiwan. Tulirudi Mangwon kwa miguu, tukaagana, na tukapanga kukutana Jumatatu mchana Sindang, kwa sababu chungu cha tteokbokki cha pale hupikwa mezani na huuzwa kwa watu wawili, na kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kukipata. Vipande vya mchele vilichemka kwenye mchuzi mzito wa pilipili pamoja na tambi, mayai na kabichi. Tulipobakiza mchuzi kidogo chini, mhudumu aliuleta wali, akaukaanga humo humo na kuubandika kwenye kitako cha sufuria mpaka ukaanza kushika, akatupa vijiko viwili. Hatukuwa na lugha ya pamoja ya kutosha, kwa hiyo tulikwangua ukoko huku tukiimba kwa sauti ya chini nyimbo za jana yake.