Ukuta wa Saluni: Sita Bora wa Nyakati Zote wa Canadiens, Klabu ya Hoki ya Barafu ya Montréal

Kikundi: UKOO WA BUYENZI – MONTRÉAL

IJUMAA

Zuhura, 18:41
Asalam aleikum ukoo. Naomba mnisome wote, si wale watatu wa kila siku. Mchoraji anaingia saluni kwa Hamisi Jumatatu asubuhi na anataka majina Jumapili usiku. Ukuta unabeba watu sita tu: kipa mmoja, mabeki wawili, watatu wa mbele. Canadiens wa nyakati zote, kuanzia 1909 mpaka leo. Mwenye neno aseme sasa, rangi ikishakauka sitaki kusikia.

Zuhura, 18:44
Naanza mimi. Kipa Jacques Plante. Mabeki Doug Harvey na Larry Robinson. Senta Jean Béliveau. Winga ya kulia Maurice Richard. Kushoto Dickie Moore. Haya.

Kassim, 18:50
Na Hamisi anacheza namba ngapi 😂

Zuhura, 18:51
Kassim.

Saidi, 19:22
Dada Zuhura, Guy Lafleur yuko wapi?

Zuhura, 19:23
Kulia kuna mtu.

Saidi, 19:25
Hicho ndicho ninachouliza. Misimu sita mfululizo hashuki chini ya magoli 50, kuanzia 1974–75 hadi 1979–80. Makombe matano. Magoli 518 na jezi hii. Halafu anabaki nje ya saluni anasubiri zamu?

Zuhura, 19:29
Saidi mdogo wangu, kulia kuna Maurice. Magoli 50 katika mechi 50, msimu wa 1944–45, na kabla yake hakuna aliyewahi kufika hapo. Magoli 544 jumla. Klabu nzima hakuna aliyempita mpaka leo.

Saidi, 19:31
Basi Maurice ahamie kushoto. Yeye alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, hataumia.

Kassim, 19:33
Kuhama anajua huyo. Desemba 28, 1944 alishinda anahamisha vyombo vya nyumba, usiku akaingia kwenye barafu akafunga 5 na kutoa pasi 3. Detroit hawakuamini.

Rehema, 19:34
Kassim wewe habari za kuhamisha vyombo zikome mdomoni mwako. Julai mosi ulikuwa wapi?

Kassim, 19:34
🏃🏾

Rehema, 19:36
Friji tulipandisha mimi na mume wangu, ngazi zile za chuma za nje, na mvua. Tunapiga simu, simu imezimwa.

Kassim, 19:37
Ilikuwa chaji

Rehema, 19:37
Siku nzima?

Zuhura, 19:40
Jamani friji ilishapanda. Winga ya kushoto!

Halima (Buja), 20:58
Salama jamani? Mie nasoma tangu juu sielewi. Hawa watu wanacheza mpira gani?

Zuhura, 21:03
Wifi yangu, hoki ya barafu. Ni magongo, ila wamevaa viatu vya kisu na wanateleza. Uwanjani wanaingia watano na kipa, wale watano wanatoka na kuingia wengine kila baada ya muda mfupi, maana mbio zake hazivumiliki. Kinachopigwa si mpira, ni kidude cheusi kigumu, duara, bapa, kinaitwa paki. Canadiens ndiyo klabu ya mji huu, imechukua Kombe la Stanley mara 24. Hakuna klabu nyingine iliyofika hapo.

Halima (Buja), 21:05
Mara 24! Basi hongereni. La mwisho lini?

Saidi, 21:06
😶

Zuhura, 21:09
1993.

Halima (Buja), 21:10
Aaah. Ndiyo maana mnachora ukuta.

JUMAMOSI

Zuhura, 08:15
Sabalkheri. Waliosoma ni wengi, waliojibu hawajai mkono mmoja. Hamisi, saluni ni yako na hujasema lolote. Pia naomba dola 20 kila nyumba kwa ajili ya mchoraji, leteni kwangu au kwa Rehema.

Sada, 09:02
Mimi nitatoa inshallah. Ila kabla sijatoa, zile za jezi za 2021 hesabu yake iko wapi?

Zuhura, 09:04
Da Sada. Hilo tulilimaliza.

Sada, 09:06
Mlilimaliza nyie. Mimi nilitoa ya watu wanne, tukaambiwa jezi zitafika kabla ya fainali. Tampa wakatufunga, wakanyanyua kombe, wakalala, wakaamka, ndipo jezi zikaja. Na zilizokuja zilikuwa za watoto wa miaka sita.

Kassim, 09:07
Mimi yangu nilimvalisha mto wa kochi

Zuhura, 09:11
Muuzaji ndiye aliyekosea saizi, risiti ninayo na niliituma humu humu. Nitaituma tena. Lakini jamani kila nikishika jambo la ukoo lazima nikumbushwe jezi? Nani mwingine anajitolea?

(Zuhura ametuma picha)

Sada, 09:20
Picha haisomeki.

Rehema, 10:48
Narudi kwenye kipa. Plante asiguswe. Mnajua Latifa wangu anakaa golini. Ile barakoa anayovaa ni kwa sababu ya Plante. Novemba 1, 1959, New York, Andy Bathgate alimpiga na paki usoni. Wakamshona, akasema sirudi bila barakoa. Kocha wake Toe Blake hakupenda hata kidogo, lakini kipa wa akiba wa kueleweka hakuwepo, ikabidi. Na walimcheka, wakaona ni woga. Msimu huohuo akachukua kombe la tano mfululizo. Kila nikimfunga mwanangu mikanda ya ile barakoa huwa namwombea dua.

Yasini, 11:15
Shangazi nakubali kwa barakoa, ila Roy. Patrick Roy 1993! Mechi za mtoano walishinda kumi mfululizo kwenye muda wa nyongeza. Kumi! Ukisema kombe letu la mwisho unasema Roy.

Saidi, 11:18
Na Dryden? Misimu minane, makombe sita. Msimu mzima wa 1973–74 hakucheza, alikwenda kumalizia mafunzo ya uwakili. Halafu akarudi akachukua manne mfululizo. Na ametuacha Septemba 2025, ingekuwa heshima.

Kassim, 11:20
Tuchore goli pana waingie wote

Zuhura, 11:24
Mashabiki walishapiga kura 1985, klabu ilipofikisha miaka 75. Plante, Harvey, Robinson, Béliveau, Maurice, Moore. Ndiyo orodha yangu. Sikuitoa mfukoni.

Yasini, 11:26
1985 Roy alikuwa hajachukua hata kombe moja, Ma Zuhura. Kura ile imepitwa.

Yasini, 11:31
Na mimi nina ombi. Beki mmoja awe Subban.

Zuhura, 11:32
Hana kombe.

Yasini, 11:38
Ana tuzo ya Norris, 2013, beki bora wa ligi nzima. 2015 akaahidi dola milioni 10 kwa hospitali ya watoto ya hapa. Baba yake katoka Jamaica, mama yake Montserrat. Nilikuwa shuleni hapa Côte-des-Neiges, darasa zima la watoto weusi tulikuwa tunateleza na soksi ukumbini tunajiita Subban. 2016 wakambadilisha na Shea Weber, wakampeleka Nashville, siku hiyo sikula. Ukuta uko kwenye saluni yetu. Mtoto akikaa kitini ananyolewa amwangalie nani?

Rehema, 11:41
Maskini mtoto 🥺

Saidi, 11:44
Lakini Robinson humtoi. Makombe sita, Norris mbili. Msimu wa 1976–77 walipoteza mechi 8 tu katika 80. Nane. Robinson alikuwa ukuta wenyewe.

Zuhura, 11:50
Nahesabu: Lafleur, Roy, Dryden, Subban mnataka waongezwe. Hakuna aliyesema nani atoke. Hivyo sivyo tunavyochagua.

(Sauti kutoka kwa Mjomba Ramadhani, 4:12)

Kassim, 12:30
Nani amesikiliza atufupishie

Rehema, 12:52
Nimesikiliza. Dakika tatu ni bei ya nyama ya mbuzi pale sokoni Jean-Talon. Mwisho anasema Bob Gainey.

JUMAPILI

Zuhura, 10:00
Leo ndiyo leo. Hamisi nimekupigia mara ngapi?

Hamisi, 13:37
Samahanini, jana saluni ilijaa, kuna harusi. Nimesoma yote. Mimi nasema hivi: Yasini kasema kweli. Wanaokaa kwenye kiti changu ni watoto wa mtaa huu. Wakiniuliza Harvey ni nani nitawaeleza, nina muda, kichwa kimoja ni nusu saa. Ila Subban namtaka mahali wanapomwona bila kuuliza.

Zuhura, 13:39
Hamisi! Ulisema niamue mimi!

Hamisi, 13:40
Uamue rangi.

Yasini, 15:20
Niko kwa Babu. Nimemsomea ujumbe wote tangu Ijumaa. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze.

Zuhura, 15:21
Shikamoo Baba. Tunasikiliza.

Yasini, 15:34
Babu anasema:
“Béliveau sina la kusema. Makombe kumi akiwa mchezaji. Alipofariki, Desemba 2014, walimweka uwanjani pale Bell Centre, nilipanga foleni na baridi ile na miguu yangu hii, na mkewe akatushika mikono mmoja mmoja. Basi.

Harvey asiguswe. Wachezaji walipotaka kuwa na chama chao, 1957, alisimama na wenzake. 1961 wakampeleka New York, na ndiyo kwanza ametoka kupewa tuzo ya beki bora. Nimefanya kazi ya ufagio katika mji huu, najua anayesimama na wenzake hulipa nini.

Maurice hahamishwi. Machi 17, 1955 watu wa mji huu waliingia barabarani kwa ajili yake, kwa sababu Campbell, rais wa ligi, alimfungia asicheze mechi zote zilizobaki. Mtu ambaye mji ulimsimamia hivyo, nyinyi mnamwambia sogea kushoto?

Lafleur nilimwona kwa macho yangu. Nilikuwa nafagia Forum, uwanja wetu wa zamani, usiku, na kabla ya kazi kuanza tuliruhusiwa kusimama juu kabisa, nyuma. Hakuvaa helmeti, nywele zinaruka, watu wanaita Guy, Guy, Guy. Mtafutieni nafasi.”

Saidi, 15:35
Allahu akbar. Asante Babu.

Zuhura, 15:36
Nafasi ipi Baba? Kulia hahami mtu, na Lafleur aingie?

Yasini, 15:41
Hajamaliza. Anasema:
“Kuhusu Roy. Desemba 2, 1995 Detroit walimfunga tisa hapo hapo Forum, kocha akamwacha golini aaibike. Alipotolewa akamwendea rais wa klabu akamwambia hii ndiyo mechi yangu ya mwisho hapa. Akaondoka. Mwaka uliofuata akachukua kombe na watu wengine. Nilimkasirikia miaka mingi. 2008 wakamwita, wakapandisha jezi yake namba 33 darini kwa heshima, uwanja mzima ukasimama.

Sasa nyinyi mkimweka Roy ukutani, mwiteni na Jumanne wa Calgary. Yumo humu anasoma. Mimi sitaki ukuta wenye watu waliosamehewa na nyumba yenye watu wasioitwa.”

15:42
15:58
16:20
(hakuna ujumbe)

Mjomba Ramadhani, 16:31
Amina mzee.

Sada, 16:44
Baba, yale ya Idd hayakuanzia kwa Jumanne. Nasema hilo tu.

Rehema, 16:45
Da Sada siyo humu.

Sada, 16:46
Humu ndimo alimotukanwa.

Zuhura, 17:02
Baba nimesikia. Nitampigia mwenyewe leo.

Kassim, 17:10
Mimi ndiye niliyeandika yale maneno ya Idd. Wote mnajua. Jumanne kaka, naomba radhi hapa hapa nilipoyaandikia.

Halima (Buja), 17:30
Mashallah Kassim.

Jumanne (Calgary), 19:48
Salama wote. Shikamoo Baba.
Kombe la kwanza la Roy alilichukulia huku huku kwetu, Mei 1986, alikuwa na miaka 20. Watu wa hapa hawajasahau. Mwekeni.

Rehema, 19:49
😭😭

Yasini, 19:50
Babu ameomba nimsomee mara ya pili.

Zuhura, 20:15
Jumanne karibu, pokea simu yangu tafadhali.
Wengine, mchoraji kanitumia ujumbe. Nimepanga hivi: Harvey na Robinson nyuma, Béliveau kati, Maurice kulia, Lafleur kushoto japo si kwake. Moore anatoka, na roho inaniuma, maana yule 1958 aliongoza ligi nzima kwa pointi, yaani magoli na pasi, mkono umevunjika na umefungwa plasta. Subban peke yake kwenye mlango wa kioo, mkubwa, ili mtoto amwone kabla hajaingia. Kipa: Roy au Plante?

Rehema, 20:17
Plante. Nampenda Jumanne lakini Plante.

Saidi, 20:18
Roy

Yasini, 20:18
Roy. Babu anasema hapigi kura, ameshasema.

Mjomba Ramadhani, 20:40
(Sauti, 2:55)

Hamisi, 22:05
Mlango wa kioo ni wa mwenye nyumba, sina ruhusa ya kuupaka rangi. Nitamwuliza kesho.

Zuhura, 22:06
HAMISI.

JUMATATU

Zuhura, 07:52
Mchoraji ameshafika, yuko nje na ngazi yake. Nimemwambia aanze na Béliveau, huyo hana mgogoro. Dola 20 nimepokea kutoka nyumba tano. Da Sada, risiti nimeipiga picha upya, angalia. Jibu la kipa nalitaka kabla ya saa sita mchana. Hamisi njoo ufungue mlango.