Ijumaa Kuu: niwaonyeshe watoto wa kipaimara filamu ya mateso ya Yesu?

Mwalimu wa Kipaimara, Nyangao

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba ushauri, hasa wa walio kwenye vigango vya huku kusini.

Vijana wetu wameazima projekta, jenereta lipo, na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wameahidi shuka jeupe la kutundika ukutani. Wanataka usiku wa Ijumaa Kuu, watu wakishapumzika baada ya ibada ya saa tisa, tuonyeshe The Passion of the Christ ya Mel Gibson, ile ya mwaka 2004. Paroko ameniachia niamue, maana watoto ni wangu.

Nimeshaiona zaidi ya mara moja. Mtu asiniambie Gibson hajui kazi. Ukiitazama vizuri ni Njia yetu ya Msalaba ile ile: Yesu anaanguka, Veronika anampangusa uso, mambo ambayo Injili haiyataji lakini sisi tunayasali kila Ijumaa ya Kwaresima. Kinachonisumbua ni kingine. Waigizaji wanaongea Kiaramu, Kilatini na Kiebrania, na nakala tuliyonayo ina maandishi ya Kiingereza. Bibi atakayekaa kwenye mkeka pale mbele atayasoma saa ngapi? Atabaki na mijeledi tu. Iliwahi kuonyeshwa kwenye kibanda umiza fulani, banda la video la kulipia, kijana wa kutafsiri akashika maiki: "Hapo sasa jamaa wanamshushia kichapo, mcheki huyo mwenye upara!" Watu wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Yesu alipofika kwenye "Baba, uwasamehe", mtafsiri alikuwa anawafukuza watoto waliokuwa wakichungulia bila kulipa.

Waandishi wa Injili walifanya kinyume kabisa. Yohana mijeledi kaimaliza kwa mstari mmoja, 19:1. Luka hata haisimulii. Kwake Pilato anasema tu "nitamrudi". Marko 15:24 anasema wakamsulubisha, na hapo hapo anahamia kwenye mavazi yaliyopigiwa kura. Walichotutunzia ni maneno: kwa Mama yake, kwa yule mhalifu, kwa Baba. Ukiyaondoa, filamu inabaki ya mtu anayepigwa, na za namna hiyo vijana wanazo tele kwenye simu.

Nyinyi wenzangu mnafanyaje?

Nesi wa zamu, Ndanda

Milele amina, Mwalimu. Mimi naanza na umri. Marekani filamu hiyo ilipewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima. Uingereza waliipa 18 kabisa. Gibson mwenyewe mwaka 2005 alitoa toleo lililopunguzwa dakika kama tano za ukatili. Sasa wewe una watoto wa darasa la sita hapo! Watakaolala nao usiku huo ni mama zao, si kamati ya vijana.

Na msiwaambie kwamba kila tone la damu wanaloliona limethibitishwa. Mwaka 1968 huko Yerusalemu ulipatikana mfupa wa kisigino cha mtu aliyesulubiwa zama za Warumi, msumari bado umo. Kwa hiyo misumari ni kweli. Lakini urefu wa kipigo ni uamuzi wa mwongozaji.

Mama Wawili, Newala

Mwalimu, nakuheshimu ila hapo kwa bibi asiyesoma Kiingereza umetuonea. Mimi niliitazama bila kuelewa neno. Kuna mahali Yesu anaanguka na msalaba, mama yake anasita pembeni, halafu inaonyeshwa alivyokuwa mdogo, kajikwaa, mama anamkimbilia. Ndipo anakimbia na sasa, katikati ya askari. Nimezika mtoto. Hapo ulitaka nitafsiriwe nini? Nilitoka nje nikakaa chini ya mkorosho mpaka filamu ikaisha, nikasali kuliko nilivyosali Kwaresima nzima.

Watoto warudisheni nyumbani, sawa. Sisi msituchagulie.

Fundi Mpingo, Mtwara

Nachonga misalaba. Mteja mmoja alitaka Yesu mwenye damu, nikamwambia moyo wa mpingo ni mweusi, nyekundu nitoe wapi, nikupake rangi ya mlango? Jeraha la ubavuni nalipiga patasi mara moja, basi. Muda wangu wote unaishia kwenye shingo, jinsi kichwa kinavyoinama. Ukikosea shingo, hata ukichonga majeraha mia unakuwa na mtu aliyelala.

Frateri likizoni

Mwalimu, andaa jibu la "kwa nini Wayahudi walimuua", litaulizwa tu. Kilio cha Mathayo 27:25, "Damu yake na iwe juu yetu", kimo kwenye filamu kwa Kiaramu, ila Gibson aliondoa maandishi yake baada ya malalamiko. Soma nao Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la 1965, namba 4: mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo.

Jirani, Lindi mjini

Assalaam alaykum majirani. Sisi, kama mjuavyo, hatuamini kwamba Nabii Issa alisulubiwa; imo kwenye Qur'ani, sura ya An-Nisaa aya ya 157. Wala kumwona nabii akiigizwa hatupendi. Sijaja kubishana. Ila shuka jeupe likiwaka usiku, watoto wa mtaa mzima watakuja, wangu wakiwemo. Fanyieni ndani ya uwa wa kanisa, na mzee mmoja apite nyumba za jirani mapema kutoa taarifa. Hapo hakuna atakayenung'unika.

Mwalimu wa Kipaimara, Nyangao

Ahsanteni sana. Jirani, taarifa nitaipitisha mwenyewe Jumatano.

Mama Wawili, pole. Umenifungua macho kuhusu kile kipande, ingawa mijeledi sijaikubali na sitaikubali. Nimeamua hivi. Watoto wataona ile Jesus ya 1979 iliyofuata Injili ya Luka, kwa kuwa ipo kwa Kiswahili, tena mchana, dirisha tukiziba kwa khanga. Usiku ni watu wazima tu. Hiyo ya Gibson tutaianzia Yesu anapobeba msalaba, sauti tutaipunguza, na mwanakwaya mmoja atasoma Luka 23 kuanzia mstari wa 26, taratibu, akifuata picha. Pale pa mama asisome kitu.

Swali lililobaki ni la kiufundi: jenereta letu linanguruma kuliko padri. Kuna mwenye waya mrefu wa kutufikisha nyuma ya sakristia?

Fundi Mpingo, Mtwara

Ninao wa mita 50, wa karakana. Mtume kijana wa bodaboda aje nao, ila Jumatatu niupate.