Nimekuta bastola ya kizamani kwenye sanduku la mnada Mtwara. Ni ya Mjerumani kweli? Na ina bei?

Korosho Ghafi:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Mtwara mjini, Chikongola. Majuzi kulikuwa na mnada wa vyombo vya nyumba moja ya zamani kule Mikindani. Wenyewe walishafariki, warithi wako mbali, wakaona bora viuzwe. Dalali alikuwa anauza kwa mafungu, hakuna kuchagua wala kufungua. Nikaondoka na sanduku la mbao lenye pembe za shaba, lina kufuli na ufunguo haupo. Risiti imeandikwa "sanduku moja na vilivyomo".

Nimevunja kufuli. Juu kulikuwa na madaftari ya hesabu yaliyoliwa na mchwa, chini yake shuka, na chini kabisa bastola imeviringishwa kwenye kitambaa cha kaki kilichojaa grisi iliyoganda.

Ni ile ya silinda, siyo ya magazini. Rangi nyeusi, inaonekana imepakwa, imebanduka kwenye kingo. Mpini una vipande viwili vyenye mbonyeo wa kukaa dole gumba, na kwenye kipande cha kulia kuna kidude cha shaba cha mviringo. Chini ya mpini kuna pete ya kupitisha kamba. Upande wa kulia naona taji dogo na maandishi yaliyofunikwa na rangi. Nyundo yake haina mkia wa kuvutia nyuma, ni laini kabisa, nahisi mtu aliikata kwa tupa. Kwenye mtutu nasoma .38, halafu .767, halafu "3½ TONS". Sijaifungua wala kuifyatua, naogopa.

Shemeji yangu anasema ni ya Mjerumani, ya vita ya kwanza ya dunia, enzi za kamanda wao Lettow. Jamaa mwingine kanong'ona kwamba Wazungu wanatoa mpaka milioni kumi. Naomba mnisaidie: ni bastola gani, thamani yake ni ipi, na nifanye nini?

Chumvi ya Ruvula:
Ya Mjerumani hiyo, asilimia mia. Boma la Mikindani wamelijenga 1895, unafikiri waliondoka na kila kitu? Tulia, usiseme na mtu, tafuta mtalii mwenye hela. Milioni kumi ni ndogo.

Mpiga Zumari:
Uzi bila picha ni stori ya kijiweni.

Korosho Ghafi:
Picha siweki mkuu, naamini unaelewa kwa nini.

Dada Wakili:
Chumvi, unamtafutia kaka wa watu kifungo. Korosho, sikiliza. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Silaha ni silaha, iwe mpya au imekaa kwenye grisi tangu enzi za babu, na kuwa nayo bila leseni ni kosa. Kesi za namna hii huingizwa hata kwenye uhujumu uchumi, na ukifika huko hakuna anayeuliza ulinunua fungu au rejareja. Swali lako la tatu ndilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Usiibebe kwenda nayo kituoni. Ukisimamishwa kwenye bodaboda ukiwa na bastola kwenye rambo, maelezo yako yote yataonekana umeyatunga hapo hapo. Iache ilipo, funga chumba, watoto wasikaribie. Nenda kwa mwenyekiti wako wa serikali ya mtaa, umweleze, muende wote polisi mkiwa na risiti ya mnada, muombe waje waichukue. Risiti hiyo toa nakala kabla hujatoka nyumbani. Maneno "na vilivyomo" ndiyo yanayoonyesha hukujua unanunua nini.

Chumvi ya Ruvula:
Polisi wataila tu hiyo hela.

Dada Wakili:
Waile, wewe ulale kwako.

Fundi Mtutu:
Salaam. Nimefanya kazi karakana ya silaha jeshini mpaka nikastaafu, sasa nalima mihogo Masasi. Dada Wakili kasema kweli, mimi niende kwenye chuma chenyewe.

Kijana, naomba uniambie kitu kimoja bila kuigusa. Juu, mbele kidogo ya nyundo, kuna kipande kilichopinda kinachokumbatia mwisho wa mtutu? Na upande wa kushoto kuna kilimi cha kubonyeza kwa dole gumba?

Korosho Ghafi:
Shikamoo mzee. Ndiyo, vyote viwili vipo. Kilimi kina mistari mistari.

Fundi Mtutu:
Marahaba. Basi Mjerumani tumuweke pembeni. Rivolva, yaani bastola ya silinda, ya jeshi la Kijerumani ya enzi zile, ile ya mwaka 1879 na mdogo wake wa 1883, haikatiki katikati. Fremu yake ni kipande kimoja, risasi unaingiza moja moja kupitia kilango cha upande wa kulia, na maganda unayatoa kwa kuyasukuma na kijiti. Nyundo yake lazima uivute kwa kidole kila unapopiga. Ya kwako inavunjika kama bunduki ya kuwindia ndege: unabonyeza kilimi, mtutu unainama mbele, maganda yote yanatoka kwa pamoja. Huo ni ufundi wa Kiingereza.

Sasa hiyo nyundo. Haijakatwa na mtu, imetoka hivyo kiwandani. Hii ni Enfield No. 2 Mk I*, rivolva ya jeshi la Uingereza; ukiona nyota baada ya hiyo I ya Kirumi ndiyo hiyo. Ile No. 2 ya kwanza iliingia jeshini 1932 ikiwa na mkia kwenye nyundo. Mwaka 1938 wakaja na hii isiyo na mkia, kwa sababu askari wa vifaru walilalamika mkia unanasa wanapopita kwenye vifaru vyao. Ukishaondoa mkia huwezi kuvuta nyundo kwanza, unabaki na kukamua kifyatulio tu, na kinakuwa kizito. Ndiyo maana vijana waliojifunzia nayo walikuwa wanapiga ardhi.

Huo mpini wenye mbonyeo wa dole gumba na kidude cha shaba ni wa toleo hilo hilo. Risasi sita, mtutu wa inchi tano, uzito kama robo tatu ya kilo. Rangi nyeusi kama ya mlango ni kawaida, walipaka wenyewe walipozikarabati. Chini ya rangi upande wa kulia, penye taji, utakuta neno ENFIELD, hiyo No. 2 MK I*, na mwaka. Ukikuta herufi FTR na mwaka mwingine, ujue ilirudishwa kiwandani ikafanyiwa ukarabati mkubwa.

Usikwangue rangi. Msasa usiguse. Mafuta ya taa usiguse.

Mpiga Zumari:
Mzee, na hizo tani tatu na nusu? Bastola inapimwa kwa tani?

Fundi Mtutu:
Hahaha, hapo ndipo penye utamu. Hizo tani ni za shinikizo, kwa kila inchi ya mraba. Uingereza silaha haiuzwi kwa raia mpaka ipitishwe kwenye nyumba ya majaribio, pale Birmingham au London, ipigwe kwa risasi nzito, ikipona inagongwa mhuri. Hiyo .38 ni kipenyo, .767 ni urefu wa ganda kwa inchi, na 3½ TONS ni shinikizo ambalo silaha imeidhinishiwa. Bastola iliyo bado mali ya jeshi haihitaji mihuri hiyo. Kwa hiyo hii ilitumika jeshini, ikauzwa, ikapita kwenye majaribio, ndipo ikaingia mikononi mwa raia. Haikudondoshwa vitani.

Chumvi ya Ruvula:
Kwa hiyo Lettow hayumo kabisa?

Fundi Mtutu:
Lettow alivuka Ruvuma pale Ngomano Novemba 1917. Nyundo hii imebuniwa miaka ishirini na moja baadaye. Hesabu ni yako.

Mzee wa Karanga:
Wanangu, mimi ni wa Nachingwea, nimesoma kimya sasa nataka kusema. Hiyo habari ya raia inaniingia akilini. Baada ya vita ya pili Waingereza walileta mradi wa karanga, 1947, huku kwetu, Kongwa na Urambo. Wazungu waliokuja wengi walikuwa wametoka jeshini tu, mtu bado ana kofia na buti za vita. Bandari ya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea vilitokana na hao. Mradi ukafa 1951, wengine wakarudi kwao, wengine wakahamia kwenye mkonge au biashara ndogo hapa pwani. Marehemu baba alikuwa akisema kila bwana shamba alikuwa na bastola kwenye droo ya meza. Sisemi ndiyo ya nyumba ile, ila ukiniuliza ilifikaje Mikindani, ningeanzia kwenye karanga kabla ya kwenda kwa Mjerumani. Hayo madaftari ya hesabu usiyachome moto.

Korosho Ghafi:
Shikamoo mzee. Madaftari yapo, mchwa wameacha katikati. Kuna kurasa zina majina ya vibarua na magunia. Nitayatunza. Sasa kuhusu bei?

Fundi Mtutu:
Bei nitakuvunja moyo. Zilitengenezwa nyingi mno wakati wa vita, mpaka kiwanda cha magari cha Albion kule Glasgow kilipewa kazi ya kuzitengeneza. Kitu kilichojaa duniani hakipandi sana. Marekani, ambako soko lipo, ya kawaida inaenda kwa dola mia kadhaa. Zinazotafutwa zaidi ni zile za kwanza zenye mkia kwenye nyundo ambazo hazikubadilishwa, kwa sababu nyingi zilirudishwa karakana wakaziondoa mkia. Uingereza wenyewe raia amepigwa marufuku bastola za kawaida tangu 1997, huko nyingi utakazoona zinauzwa zimezibwa mtutu, hazipigi tena.

Na kabla hujapiga hesabu ya hizo dola, hiyo ni bei ya kule. Kuitoa nchini bila vibali ni kesi nyingine. Hapa Mtwara hakuna mnunuzi halali asiye na leseni, na anayekuahidi milioni kumi bila karatasi hataki historia, anataka chuma kinachopiga. Jiulize atakipiga wapi.

Binti Makonde:
Naongezea. Hata Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haimsaidii kusema "ni kale hii". Vitu vya kale vinavyolindwa pale ni hasa vile vya kabla ya 1863 vilivyotengenezwa nchini. Bastola ya vita ya pili haimo.

Dada Wakili:
Sawa kabisa. Na mwenye nyumba huenda alikuwa na leseni. Mtu akifa, msimamizi wa mirathi ndiye anayepaswa kuifikisha silaha polisi. Namba ya silaha inaweza kuonyesha iliandikwa kwa nani, na hapo wewe unatoka kwenye picha. Serikali imekuwa ikitangaza pia vipindi vya kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa, 2022 kilikuwa Septemba na Oktoba. Ila usikae kusubiri kipindi kingine, nenda kesho.

Korosho Ghafi:
Mrejesho wakuu. Nimeenda na mwenyekiti asubuhi. Kwanza tulikalishwa sana kwenye benchi, afande wa zamu anatuangalia kwa jicho la pembeni. Nilipotoa risiti na kueleza kwamba sijaifungua wala kuifyatua, wakalegea. Wakaja nyumbani na mtaalamu wao. Akavaa glavu, akaielekeza ukutani, akabonyeza kile kilimi. Mtutu ukainama kama mzee alivyosema, na vikatoka vitu vitatu vya kijani kibichi. Risasi! Zimeota kutu ya shaba. Mama watoto alikaa chini hapo hapo.

Wameandika namba na mwaka, 1941, wakanipa karatasi ya makabidhiano. Wanasema wataiangalia kwenye kumbukumbu zao.

Chumvi ya Ruvula:
Risasi tatu ndani! Na mimi nilitaka akaitembeze kwa watalii.

Fundi Mtutu:
Vizuri sana kijana. Hiyo karatasi itoe nakala pia. Wakimaliza uchunguzi wao na mwenyewe asipopatikana, andika barua kwao uombe izibwe mtutu na ipelekwe Makumbusho ya Taifa. Kwenye barua taja namba, mwaka, mihuri ya majaribio na ilikopatikana, na ambatanisha nakala za kurasa za madaftari zenye majina. Bastola peke yake wanazo za aina hiyo. Ikienda na madaftari ya nyumba ilikotoka watakuwa na kitu cha kuuliza.

Korosho Ghafi:
Nimekuelewa mzee. Nimeanza kupiga picha hizo kurasa, zile ambazo hazivunjiki nikizigeuza. Kuna moja imeandikwa "Nachingwea" juu, kwa wino mwekundu.

Mzee wa Karanga:
Niwekee hapa majina ya vibarua, mwanangu. Nianze kuyasoma.